Mililita Arobaini na Tano

Mimi si mtu wa kuogopaogopa. Nina miaka kumi na moja katika wodi ya wagonjwa mahututi, nimefumba macho ya marehemu wengi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na bado nilikuwa nikirudi nyumbani nikila na kulala. Kwa hiyo nikisema siku ile niliogopa mpaka mate yakanikauka, niamini. Na sikuwa nikiogopa kifo. Nilimwogopa mtu yeyote ambaye angeinama kutazama chini ya kitanda namba nne.

Wodi yetu ina vitanda sita. Kila kitanda kina karatasi pana kama kitambaa cha meza, na kila saa muuguzi anajaza humo mapigo ya moyo, presha, pumzi, oksijeni na mkojo. Namba nne za mwanzo unazisoma kwenye skrini hata ukiwa umesimama mlangoni. Mkojo hauna skrini. Mkojo unaingia kwenye mfuko ulioning'inizwa chini ya kitanda, na juu ya mfuko kuna kikopo cha plastiki chenye mistari ya kupimia. Unainama, unasoma, unamwaga kilichomo kiingie mfukoni, unaandika. Kazi yenyewe haifiki dakika mbili.

Lakini kwetu dakika mbili ni mali, ndiyo maana tuna neno letu: kupika. Mgonjwa ambaye siku tano mfululizo ametoa mililita hamsini kila saa, nani atamwinamia? Unaandika hamsini umesimama wima. Tulikuwa tukiambiana kwamba huo si uvivu, ni uzoefu. Na kupika kuna adabu zake. Huandiki hamsini mara tatu mfululizo, maana Mama Mkwe atashtuka. Mama Mkwe ni msimamizi wetu; tumempa jina hilo kwa sababu hajazaliwa wa kumpendeza. Basi unaandika hamsini, halafu hamsini na tano, halafu arobaini na tano. Hata uongo tulikuwa tunauchana nywele kabla ya kuutoa nje, na tulicheka tukisema hivyo.

Mmoja tu hakuwa akipika, binti mgeni mwenye miezi minne kazini, tuliyemwita Rula. Jina lilitokana na rula ya plastiki aliyoiweka mfukoni, akipigia mistari kwenye karatasi zake mpaka unadhani ni hati ya kiwanja. Rula aliinama kila saa, kila kitanda, magoti yakilia kwenye sakafu. Nilimtania kuliko wote. Nilimwambia akifika umri wangu atakuwa anatembea kwa mikono.

Siku hiyo niliingia zamu saa moja asubuhi nikakuta mwenzetu mmoja ni mgonjwa, nikapewa vitanda viwili, cha nne na cha tano. Kwenye cha tano alilala mama mmoja aliyekuwa akipata degedege kila baada ya muda mfupi. Kwenye cha nne alikuwa fundi seremala wa miaka thelathini na moja, homa ya mapafu imemshusha, siku ya sita kwenye mashine ya kupumulia. Tulimwita Seremala. Vidole vyake vilikuwa bado na gundi ya mbao iliyokauka, na hakuna aliyetaka kuisugua ikatoka. Aliyenikabidhi zamu alisema Seremala hana shida, anakojoa vizuri, nihangaike na wa tano.

Nikahangaika na wa tano. Saa mbili ilipofika nilikuwa nimemshika taya asijing'ate ulimi, na wakati huohuo mama yake Seremala akasimama kwenye mlango wa kioo kama kawaida yake. Tangu siku ya kwanza, mtu alipomweleza kwamba figo zikifanya kazi kuna matumaini, mama huyu alikuwa na swali moja tu, akiliuliza kila asubuhi bila kuona haya: mwanangu amekojoa? Siku nyingine nilikuwa nikimjibu baada ya kwenda kitandani kutazama. Siku hiyo nilimjibu palepale, juu ya bega, kwamba amekojoa vizuri sana. Akanishukuru akaenda kukaa kwenye benchi.

Saa mbili nikaandika hamsini. Saa tatu, hamsini na tano. Saa nne, arobaini na tano. Zote nimesimama.

Saa nne na dakika chache daktari wa zamu akapita. Akainua karatasi ya Seremala, akasoma kwa sauti, akaridhika. Majibu ya damu ya jana jioni yalionyesha potasiamu imeshuka. Potasiamu ni chumvi iliyomo kwenye damu: ikipungua sana moyo unayumba, ikizidi moyo unasimama, na njia yake kubwa ya kutoka mwilini ni mkojo. Mtu asiyekojoa humpi potasiamu. Hilo analijua hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Daktari akauliza, macho yake yakiwa kwenye karatasi, kama mkojo unaendelea hivyohivyo. Nikasema ndiyo. Akaandika dripu ya potasiamu ya kushuka kwa muda wa saa nne, iishe saa nane mchana.

Dawa kama hiyo haitundikwi na mtu mmoja. Nikamwita Rula tuhakiki pamoja. Akasoma jina la mgonjwa, jina la dawa, kiasi, idadi ya matone, akatia sahihi yake ndogo iliyonyooka, akarudi kwenye kitanda chake. Nikafungua dripu, matone yakaanza kushuka. Mama wa kitanda cha tano alikuwa ametulia kidogo, nami kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikawa na mikono mitupu. Nikainama.

Kikopo kilikuwa kikavu. Nikadhani mrija umejikunja, nikaufuata kwa kidole mpaka mwisho, haukujikunja. Nikausafisha kwa maji kidogo, ukapitisha vizuri. Nikaminya tumbo lake chini ya kitovu, laini, kibofu hakina kitu. Mfuko nao ulikuwa na tone moja la rangi ya chai ya rangi, basi. Seremala hakuwa amekojoa tangu mfuko ulipomwagwa alfajiri, na Mungu ndiye ajuaye kabla ya hapo, kwa sababu nilipotazama namba za zamu ya usiku niliona hamsini, hamsini na tano, arobaini na tano. Nilizifahamu namba hizo kama mtu anavyofahamu mwandiko wake mwenyewe.

Nikaibana dripu. Hapo nilifanya sawa, na hapo ndipo ilipoishia sawa yangu.

Nilipaswa kuinuka nikamwite daktari, hatua saba tu kutoka pale. Sikuinuka. Nilibaki nimechuchumaa nyuma ya kitanda, nikiwaza leseni yangu, nikiwaza Mama Mkwe, nikiwaza watoto wangu wawili wanaojisifu shuleni kwamba mama yao anaokoa watu. Woga haukunipa hata nafasi ya kumwaza Seremala. Nikajiambia matone machache hayajamdhuru. Nikajiambia nitachukua damu, niipeleke maabara mwenyewe kimyakimya, nipate majibu, halafu nimwambie daktari kwamba mkojo umepungua sasa hivi tu. Ningebadilisha saa, si ukweli. Ndivyo nilivyojidanganya, na ilinikaa vizuri kichwani kwa muda ule.

Nikachukua damu. Nikamwomba Rula aniangalizie kitanda cha nne na cha tano kwa nusu saa. Kisha nikakumbuka kwamba saa tano inakaribia, na Rula ni Rula, saa tano ikigonga atainama. Nikaitoa kalamu nikajaza safu ya saa tano ya Seremala kabla saa tano haijafika. Mapigo, presha, pumzi, oksijeni. Mkojo, hamsini. Nikamwambia nimeshamjazia, yeye atazame skrini tu. Akaniambia ahsante, dada. Alinishukuru kwa kumpunguzia kazi.

Maabara iko upande wa pili wa uwanja. Fundi wa maabara ni mtu wa maneno, akaniuliza tangu lini wauguzi wakubwa wamegeuka matarishi, na fomu ya daktari iko wapi. Nikacheka kicheko ambacho sikukitambua, nikamwomba anisaidie, nitaileta baadaye. Akasema mashine inajisafisha, nisubiri. Nikasubiri nimesimama, nikihesabu vigae vya ukutani. Kila mtu aliyepita dirishani nilimwona kama anakuja kunitafuta. Ilichukua karibu saa nzima. Aliponipa karatasi uso wake haukuwa na mzaha tena, akauliza mgonjwa huyu yuko hai? Potasiamu sita nukta mbili, wakati ya mtu mzima wa afya huishia tano. Damu ile niliichukua dripu ikiwa imeshabanwa, matone machache tu yameingia, maana yake chumvi ilikuwa juu hata kabla hatujamwongezea.

Nilivuka uwanja mbio, kitu ambacho tunawakataza wanafunzi. Nilipofungua mlango wa kioo jicho langu lilikwenda kwanza kwenye dripu ya kitanda cha nne. Ilikuwa inatiririka. Matone hayakuwa matone, yalikuwa yanakimbizana, na chupa ilikuwa imebaki nusu.

Rula alinipokea akitabasamu, rula yake mkononi. Akaniambia dripu yangu ilikuwa imesimama, pengine nilisahau kuifungua baada ya kuchukua damu, naye amepiga hesabu ya matone upya ili saa nane isitupite. Nadhani aliuona uso wangu, kwa sababu tabasamu lilikufa.

"Nilitazama mkojo kwanza kwenye karatasi, dada," akasema. "Si uliandika hamsini?"

Skrini ikajibu badala yangu. Vilima vya moyo wa Seremala vilikuwa vimechongoka kama hema, na mbele ya macho yangu vikaanza kupanuka na kulala, vikilegea, mpaka ikawa mawimbi mazito yasiyo na maana. Kengele ikalia. Niliibana dripu kwa mkono mmoja na kwa mwingine nikashusha kitanda, nikapanda juu ya kistuli nikaanza kumbana kifua. Niliwahi kubana vifua vingi, lakini hicho kilikuwa cha kwanza ambacho nilijua ni mimi niliyekisimamisha. Nilibana nikiomba, sikumbuki maneno. Daktari akaja mbio, akaanza kuuliza nini kimetokea, na nikamwambia karatasi ya maabara iko mfukoni mwangu, potasiamu imepanda, apige kalsiamu ya kuulinda moyo.

Akapiga kalsiamu. Akapiga tena. Mtu mwingine akaleta glukosi na insulini za kuishusha ile chumvi. Dakika ya sita vilima vikarudi, vibaya, vimepinda, lakini vilima. Nikashuka kwenye kistuli, nikashika reli ya kitanda. Gundi kwenye vidole vyake ilikuwa palepale.

Sasa ngoja nikueleze kilichoniogopesha kuliko vyote. Daktari alinisifu. Alisimama katikati ya wodi, shati limelowa, akasema mbele ya wote kwamba bila muuguzi huyu kuwa na akili ya kupeleka damu mapema, tungekuwa tunaita ndugu sasa hivi. Mama Mkwe, ambaye hajawahi kusifu hata chai, akanigusa bega. Halafu daktari akageuka akauliza nani aliyekimbiza dripu.

"Ni mimi," Rula akasema.

Hakujitetea. Alieleza hesabu yake ya matone kwa sauti ndogo, kama mtoto anayesomewa adhabu. Mama Mkwe akamwambia akae ofisini, aandike maelezo, na asiguse mgonjwa. Rula akaenda akiiacha rula yake juu ya karatasi yangu, juu kabisa ya ile hamsini ya saa tano.

Nikaona njia imefunguka mbele yangu, pana, imefagiliwa. Sikuhitaji kusema uongo wowote mpya. Nilihitaji kunyamaza tu. Binti mgeni amekosea hesabu, wageni hukosea, ataonywa, atahamishiwa kliniki ya chanjo, basi. Mimi ningeenda nyumbani shujaa. Naapa nilisimama pale nikipima jambo hilo, na naona aibu kusema nilipima kwa muda gani.

Daktari alikuwa ameinama juu ya karatasi tena. Akasema afadhali figo ni nzima, mkojo huu unaridhisha, potasiamu yenyewe ataikojoa mpaka jioni. Kwa hiyo hakuna haja ya kuhangaika na mashine ya kusafisha damu, wakampe mgonjwa wa wodi nyingine aliyekuwa akiisubiri. Akatoa kalamu aandike.

Hapo woga wangu uligeuka upande. Mpaka dakika ile nilijiogopea mimi. Sasa nilimwona Seremala saa kumi na moja jioni, kalsiamu imeisha nguvu, chumvi ikiwa palepale haina pa kutokea, vilima vinachongoka tena, na mashine iko wodi nyingine kwa sababu ya namba zangu. Nilijua kwamba nikinyamaza atakufa, na hakuna atakayejua ila mimi.

"Daktari, usiandike," nikasema. "Hajakojoa."

Akainua kichwa. Akanionyesha karatasi.

"Hizo nilizipika. Zote nne. Sikuinama. Hata hiyo ya saa tano niliiandika kabla ya saa tano, ili Rula asitazame. Dripu niliibana mimi, sikumwambia mtu. Yeye alifanya kazi yake."

Daktari alipiga magoti, akakitazama kikopo kikavu, akakaa hapo chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika kukitazama. Kisha nikaona jambo ambalo mpaka leo hunijia nikiwa najipikia uji. Kwenye kitanda cha kwanza mwenzangu mmoja akainama. Kwenye cha tatu mwingine akainama. Kwenye cha sita, yule mwenye miaka ishirini kazini, mwenye magoti mabovu, akashika reli akashuka taratibu. Wodi nzima ilikuwa chini ya vitanda, na muuguzi wa zamu pekee aliyesimama nilikuwa mimi. Mama Mkwe aliwatazama mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza nikamwona anaogopa naye.

Mashine ya kusafisha damu ililetwa kabla ya saa nane. Rula aliitwa kutoka ofisini, akaoshwa uso na Mama Mkwe kwa mkono wake mwenyewe, akakabidhiwa kitanda cha nne. Alinipita bila kuniangalia. Sikumlaumu. Mama Mkwe akaniambia niandike kila kitu, saa kwa saa, nisipunguze, halafu nivue sare nisubiri kuitwa. Nikaandika kurasa tatu. Nilipompa akazisoma zote wima, akasema bado kuna kitu kimoja.

"Kabla hujavua hiyo sare, mama yake yuko nje. Ulimjibu wewe asubuhi. Mwambie wewe."

Heri angeniambia nikajieleze polisi. Nilitoka. Mama Seremala alikuwa kwenye benchi lake, mkoba magotini, akaniona nikija akasimama upesi. Alikuwa amesikia kengele, alikuwa ameona watu wakikimbia, na hakuna aliyekuwa amemwambia chochote. Nilifungua mdomo nieleze, yeye akaniwahi kwa swali lake lilelile.

"Binti yangu, mwanangu amekojoa?"

"Hapana, mama. Hajakojoa tangu alfajiri. Asubuhi nilikwambia amekojoa, nilikuwa sijatazama. Kwa sababu hiyo tumempa dawa isiyomfaa, moyo wake ukasimama, tukaurudisha. Yuko hai. Yuko kwenye mashine ya kusafisha damu. Lakini kosa ni langu."

Nilingoja anipige. Nilitaka anipige. Alikaa tena kwenye benchi polepole, akaufungua mkoba akaufunga, akaufungua tena.

"Nilijua," akasema. "Siku zote unakwenda kumtazama kwanza ndipo unarudi kunijibu. Leo ulinijibu hapohapo. Nikajua kuna kitu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Niliogopa. Nikajiambia nikiwasumbua sana mtamkasirikia mwanangu."

Tulikaa wote wawili tukitazama mlango wa kioo, na ndani, karibu na kitanda namba nne, kulikuwa na mtu anafuta jasho la Seremala kwa kitambaa. Mama akauliza nani atakuwa naye sasa, kama mimi naondoka. Nikamwonyesha. Akakaza macho, akamtambua, kwa sababu siku sita alizokaa kwenye benchi lile alikuwa ametuona sote kuliko tulivyojiona.

"Ni yule anayeinama?"

"Ndiye, mama," nikamwambia, na nikaenda kuvua sare.